Nondo wa Madirisha Manne na Hariri Isiyofumwa

Nondo ni neno lenye kazi nyingi. Fundi ujenzi akilisikia atauliza ni za milimita ngapi. Kijana wa mjini akisema fulani kashusha nondo, ana maana jamaa katoa hoja zenye uzito. Na bibi anayefungua sanduku akakuta joho la sufu la marehemu mumewe limejaa vitundu, halafu kidudu cha rangi ya vumbi kikaruka usoni pake, naye atataja nondo, safari hii kwa uchungu.

Huyo wa tatu ndiye tunayemhitaji hapa, kwa sababu lawama anazotupiwa ni za kosa asilolitenda. Nondo aliyeruka kutoka sandukuni hakula hata uzi mmoja wa lile joho. Mlaji ni kiwavi, yaani nondo huyohuyo alipokuwa mtoto. Katika ukoo huu kula ni kazi ya utotoni, na kwa baadhi yao ni kazi ya utotoni peke yake. Ukilishika hilo, nondo ninayetaka kumweleza hatakuwa fumbo tena. Usipolishika, kila kitu chake kitakushangaza: sura yake, umri wake mfupi, na hariri yake ambayo hakuna aliyefanikiwa kuifanya biashara.

Anaishi hasa Amerika ya Kusini, na jenasi yake, yaani kundi la spishi za undugu wa karibu, inaitwa Rothschildia. Jina ni la Walter Rothschild, Mwingereza wa ile familia ya mabenki aliyezaliwa 1868, akaikimbia benki na kujaza nyumba yake ya makumbusho mjini Tring wanyama waliokaushwa, wakiwemo vipepeo na nondo zaidi ya milioni 2. Jenasi hii ilipewa jina lake mwaka 1896. Spishi zake ni zaidi ya 20, zimetawanyika kutoka mpaka wa kusini wa Marekani hadi Argentina, lakini nyingi zaidi ziko kusini: aurota, ambaye Wazungu walishamwandika katika vitabu vyao tangu karne ya 18, hesperus wa misitu ya Guiana na Amazon, jacobaeae wa kusini mwa Brazil, Paraguay, Uruguay na Argentina. Wenyeji wanaozungumza Kihispania hawana haja na jina la bwana Rothschild. Wao humwita cuatro espejos, vioo vinne, na jina hilo linaeleza zaidi.

Nondo wa hariri ni yupi hasa?

Kabla ya vioo, tufungue fundo moja. Tukisikia "nondo wa hariri", wengi tunamfikiria yule wa China, Bombyx mori, aliyefugwa kwa karibu miaka 5,000 mpaka akasahau kuruka. Huyo ni mweupe, mnene, mabawa yake hayambebi tena, na kiwavi wake hula majani ya mforsadi. Hariri karibu yote inayouzwa duniani inatoka kwake. Brazil nako kuna wakulima wa hariri, hasa katika jimbo la Paraná, lakini wanachofuga ni huyohuyo Mchina. Hawafugi nondo wa msituni kwao.

Rothschildia ni wa familia nyingine, Saturniidae, yenye nondo wakubwa kuliko karibu wote duniani. Wanaitwa nondo wa hariri kwa kuwa viwavi wao wengi nao husokota hariri na kujifunga ndani yake. Ni jina la kazi tu, kama vile ufundi wa cherehani unavyoweza kuwapa jina moja watu wawili wasio na undugu. Familia hiyo tunayo hata Afrika: sehemu kubwa ya viwavi wanaokaushwa na kuuzwa kwa mafungu katika masoko ya Kongo ni watoto wa Saturniidae. Kwa hiyo tunazungumza habari za ukoo ambao sehemu moja ya dunia wanauangalia kama pambo, nyingine kama kitoweo.

Na si ukoo mpole wote. Kusini mwa Brazil kuna binamu anayeitwa Lonomia obliqua, ambaye kiwavi wake ana miiba yenye sumu inayovuruga kuganda kwa damu. Watu wamekufa kwa kuegemea tu mti waliokusanyikia viwavi hao, na Taasisi ya Butantan ya São Paulo hutengeneza dawa maalumu ya sumu hiyo. Namtaja kwa sababu moja: mtu akisoma kwamba viwavi wa familia hii wanaua, asije akaua kila kiwavi mwenye vinundu na miiba. Wa Rothschildia ana vinundu vyenye vijimiiba, anaonekana mkali, lakini hana lolote.

Sura yake

Mkunjue mabawa na utapata sentimita 10 hadi 15 kutoka ncha hadi ncha, kutegemea spishi. Aliyepanuka vizuri anafunika kiganja cha mtu mzima. Rangi ya msingi ni ya udongo: kahawia, nyekundu ya matofali, wakati mwingine chungwa iliyoiva. Katikati hupita mstari mweupe uliopinda na kujikunja, umepigwa wino mweusi upande mmoja kama pindo la leso, na pembezoni mwa mabawa rangi hulegea ikawa ya waridi, zambarau na majivu. Mwili ni mnene, wenye manyoya, na tumboni kuna mapambo meupe.

Ncha ya bawa la mbele haikwenda moja kwa moja. Imejipinda kwa nje kama jambia, na karibu na ncha hiyo kuna doa jeusi mithili ya jicho. Watu wameitazama ncha hiyo wakaona kichwa cha nyoka, hasa kwa binamu yake mkubwa wa Asia, Attacus atlas. Inawezekana ndege nao huona hivyo. Ila adui mkubwa wa nondo wa usiku hawindi kwa macho. Ni popo, na popo huwinda kwa sauti: hutoa mlio mkali tusioweza kuusikia, kisha husikiliza mwangwi unaporudi. Nondo wengi wa koo nyingine wana masikio ya kumsikia popo akija wakakwepa. Saturniidae hawana masikio kabisa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walionyesha kwamba mikunjo ya ncha za mabawa ya nondo hawa wakubwa hurudisha mwangwi wenye nguvu kuliko mwili. Popo anaelekezwa kwenye ncha, anang'oa kipande cha bawa, na nondo anaendelea na safari na kiraka chake. Kiziwi huyu hajui hata kama amewindwa.

Tuje kwenye madirisha. Kila bawa lina doa moja kubwa, aghalabu la pembetatu, ambapo hakuna rangi. Unaona upande wa pili. Ukimweka juu ya gazeti unaweza kusoma herufi kupitia bawa lake.

Ili kuelewa hilo ni lazima ujue rangi ya nondo iko wapi. Haiko kwenye bawa. Bawa lenyewe ni utando mkavu usio na rangi, kama karatasi ya nailoni, na juu yake yamepangwa maelfu ya magamba madogo kama makuti yanavyopangwa kwenye paa. Ule unga unaobaki vidoleni ukimshika nondo au kipepeo ni magamba hayo. Kule kwetu tulikatazwa kuushika tukiwa wadogo, tukaambiwa unapofusha. Haupofushi, ila unamwacha kipepeo uchi. Katika madirisha ya Rothschildia magamba mapana hayapo. Watafiti wa Costa Rica waliomchunguza spishi lebeau kwa darubini ya elektroni, na kuchapisha kazi yao mwaka 2004, waliona kwamba pale penye kioo magamba yamebadilika kuwa vinyweleo vyembamba vilivyoachana mbali, hivyo mwanga unapita. Lakini mwanga ukija kwa mshazari, utando huo huo unaurudisha na kumeta. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kumtazama nondo mmoja, mmoja akasema ana madirisha na mwingine akasema ana vioo, na wote wakawa sahihi.

Madirisha ni ya nini? Maelezo ninayoyaona yana uzito zaidi ni ya kujificha. Mchana nondo huyu hukaa kimya ametanda mabawa, na mbele yako ni jani kavu kubwa. Jani kavu la kweli halikosi tundu: limeliwa, limeoza, mwanga unapenya. Doa lililochorwa kwa rangi linaweza kuigiza tundu kwa mbali tu, lakini dirisha la kweli huonyesha kilicho nyuma yake chochote kile, gome likiwa gome na kijani kikiwa kijani. Umbo la nondo linavunjika vipande, na jicho la ndege halipati mpaka wa kuushika.

Rangi nayo haijatulia. Daniel Janzen, mwanaikolojia wa Kimarekani aliyekaa miaka mingi katika msitu mkavu wa Santa Rosa huko Costa Rica, alieleza mwaka 1984 kwamba nondo wa spishi lebeau hawatoki na rangi moja: hali ya hewa aliyokutana nayo pupa, yaani mdudu anapogeuka kutoka kiwavi kuwa nondo ndani ya kifukofuko chake cha hariri, huamua atoke mweusi wa chokoleti au mwekundu uliopauka. Anayekusanya nondo kwa rangi, bila kuuliza alizaliwa wakati gani wa mwaka, anaweza kudhani ana spishi mbili mkononi.

Usiku wa kwanza, na karibu wa mwisho

Maisha ya mdudu husimuliwa kuanzia yai. Mimi nitaanzia kwa nondo jike aliyetoka kwenye kifukofuko leo, kwa sababu hapo ndipo hesabu yote inapoonekana.

Ametoka na tumbo lililojaa mayai tayari. Hana mdomo wa maana: ule mrija ambao kipepeo huukunjua kunyonya nekta kwake umesinyaa, haufanyi kazi, na hana tumbo la kuchakata chakula. Hatakunywa hata maji. Mafuta aliyonayo mwilini ni yale aliyoyaweka alipokuwa kiwavi, na yakiisha ndiyo basi. Ana siku chache, wiki moja hivi au kupita kidogo. Mtu mwenye akiba isiyoongezeka hatembei ovyo. Na jike hatembei. Usiku unapoingia hukaa karibu na pale alipotokea, hutoa tezi kwenye ncha ya tumbo, na kuachia hewani harufu ambayo sisi hatuinusi.

Harufu hiyo ni feromoni. Feromoni ya kwanza kabisa kutambuliwa kikemia ilitoka kwa nondo wa hariri wa Kichina: mwaka 1959 Mjerumani Adolf Butenandt na wenzake, baada ya kazi ya takriban miaka 20, walikamua tezi za majike nusu milioni wakapata miligramu chache tu. Ndivyo ilivyo haba. Na bado inatosha, kwa sababu dume amejengwa kwa ajili yake. Tazama vipapasio vyake: ni vipana, vimechanika pande zote mbili kama unyoya au kama jani la mnazi, na kila kichanio kimejaa vinyweleo vya kunusa. Vya jike ni vyembamba zaidi. Ukitaka kujua jinsia ya nondo huyu hauhitaji kumgeuza, mtazame kichwani. Dume hupanda upepo akiifuata harufu gizani, hata kama imetoka mbali sana, na naye anatumia mafuta yake ya utotoni, hana kituo cha kujaza.

Wakikutana hushikamana kwa saa kadhaa. Kisha jike, sasa mwepesi kidogo wa wajibu, huanza kuruka usiku baada ya usiku akibandika mayai kwa makundi kwenye majani ya miti anayoitambua. Huyabandika kwa gundi, rangi ya maziwa yaliyochacha, na hayarudii tena. Akimaliza mayai na mafuta, amekwisha.

Mtu akiniuliza kwa nini kiumbe mzuri hivi aishi wiki moja, jibu langu ni kwamba swali limegeuzwa. Ameishi miezi. Wiki hii moja ya mabawa ni sehemu tunayoiona kwa sababu inapendeza na inakuja kwenye taa ya kibaraza.

Mla kisamvu

Baada ya siku kadhaa, joto likiwa la kutosha, mayai hupasuka. Viwavi wadogo wa spishi nyingi za jenasi hii huwa na milia, njano na nyeusi, nao hukaa bega kwa bega kwenye jani moja, wanakula wakianzia pembeni kama abiria wanaogawana mkate. Wakikua wanatawanyika, na wengi huvaa kijani chenye pingili zilizopigwa rangi na vinundu vyekundu au vya chungwa. Rangi za mwanzo zinapiga kelele, za mwisho zinajificha.

Kiwavi ana vazi lisilotanuka. Ngozi ikimbana huivua, na chini yake kuna nyingine kubwa zaidi. Anafanya hivyo mara nne, kwa hiyo maisha yake yana hatua tano, na yote kwa pamoja huchukua mwezi mmoja au zaidi kidogo. Kwa kiasi cha kula tuna takwimu za uhakika za yule wa Kichina: uzito wake huongezeka kama mara 10,000 tangu kutotolewa hadi kuanza kusokota. Huyu wa msituni ni mkubwa kuliko yeye.

Anakula nini? Hapa ndipo habari inapotufikia nyumbani. Viwavi wa Rothschildia hawachagui sana. Orodha ya miti yao ni ndefu, na ndani yake imo mibarika, ile ambayo wengine huiita minyonyo, na imo mihogo. Mbarika asili yake ni upande huu wa Afrika Mashariki. Ulipelekwa Amerika na ukasambaa kama magugu. Muhogo ni wa Brazil. Wareno ndio walioanza kuuleta Afrika katika karne ya 16, ukawa wetu kiasi kwamba mtu akiambiwa ugali wa muhogo si wa asili ya babu zake atabisha. Kiwavi huyu alikuwa akila majani ya muhogo kabla sisi hatujajua kisamvu ni kitu gani. Tofauti ni kwamba sisi tunakitwanga na kukichemsha sana, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana kemikali zinazotoa sumu ya sianidi, na yeye anakitafuna kibichi.

Si kwamba anaponea hapo. Nzi wa kimelea na nyigu wembamba humtagia mayai mwilini, na mabuu yao humla kutoka ndani huku akiendelea kula majani, mpaka siku ambayo badala ya nondo wanatoka wao. Kati ya mamia ya mayai ya jike mmoja, wanaofika kuwa nondo ni wachache mno, vinginevyo Brazil isingebaki na jani.

Mate yanayoganda

Kiwavi aliyeshiba huacha kula ghafla. Hutoa kinyesi cha majimaji, hutembea bila kutulia, kisha huchagua kitawi na kuanza kazi ya mwisho ya utoto wake.

Hariri ni mate. Nalisema hivi bila kupamba: tezi mbili ndefu zinazoizalisha ni tezi za mate zilizobadilika, zimejikunja ndani ya mwili wake, na mfereji wao unatokea kwenye kitundu chini ya mdomo. Ndani ya tezi hariri ni majimaji mazito ya protini. Kinachoigeuza uzi ni kuvutwa: kiwavi hugusisha kitundu kwenye tawi, hurudisha kichwa nyuma, na protini inaponyooshwa hujipanga na kukakamaa. Zinatoka nyuzi mbili sambamba, za protini iitwayo fibroini, zikiwa zimefunikwa na gundi, serisini. Kichwa kinakwenda na kurudi kwa umbo la tarakimu nane, siku moja, siku mbili, bila kupumzika.

Anaanza kwa kukifunga kitawi chenyewe kwa utepe wa hariri, ili jani likidondoka kifukofuko kisidondoke nalo. Kisha anajenga ukuta kumzunguka, mgumu kama karatasi iliyogandishwa kwa wanga, rangi ya fedha iliyochakaa au kahawia.

Upande wa juu anaacha mlango, na mlango huo ndio ninaoupenda kuliko kitu chochote katika mdudu huyu. Fikiria dema la mvuvi. Samaki huingia kwa urahisi kwa sababu njia inabana kuelekea ndani. Akitaka kutoka, ncha za fito zinamzuia. Sasa ligeuze dema nje ndani. Kiwavi hupanga nyuzi za mlangoni zikielekea nje na kukutana, bila kuziunganisha kwa gundi nyingi. Chungu au nyigu akija kutoka nje anakuta ncha zimefumba. Nondo akisukuma kutoka ndani, zinaachana. Kiwavi anajenga mlango wa mwili ambao hajawahi kuwa nao, wenye mabawa ambayo hayapo bado, na hatakuwa na taya za kuurekebisha akikosea.

Ndani anavua ngozi kwa mara ya mwisho na kuwa pupa. Huko sehemu kubwa ya mwili wa kiwavi huvunjwa na kujengwa upya, ikitumia akiba ileile ya majani. Inachukua wiki chache mvua zikiwa nzuri. Kiangazi kikiwa kikali, au baridi ya kusini mwa bara ikiingia, pupa husimamisha kila kitu na kungoja miezi. Hiyo ndiyo sehemu ndefu ya maisha yake, amefungwa, haonekani, akining'inia kama jani moja lililokataa kuanguka.

Siku ikifika hutoka na mabawa madogo yaliyokunjamana kama nguo iliyotoka kwenye beseni. Hupanda juu ya kitu chochote, huyaning'iniza, na kusukuma damu ndani ya mishipa yake mpaka yanyooke. Asipopata nafasi ya kuning'inia yanakauka yakiwa yamekunjamana, na hakuna marekebisho.

Kwa nini hatuivai?

Katika miaka ya 1850 ugonjwa uitwao pébrine uliwaangamiza viwavi wa hariri wa Ufaransa. Mavuno ya vifukofuko, yaliyofika tani 26,000 mwaka 1853, yalianguka hadi kama 4,000 mwaka 1865, na serikali ikamtuma mwanasayansi Louis Pasteur kuuchunguza. Wakati huohuo watu walianza kusaka nondo wengine wa kushika nafasi. Aurota wa Brazil na Guiana alikuwa miongoni mwa waliotazamwa kwa matumaini: mkubwa, mgumu, anakula mbarika unaoota popote.

Ilishindikana, na mlango ule mzuri una sehemu yake ya lawama. Kifukofuko cha Bombyx kimezibwa pande zote na uzi wake ni mmoja usiokatika, wa mita 900 hadi 1,500. Mfugaji hukichemsha pupa akiwa ndani, kabla nondo hajatema kimeng'enya na kutoboa njia; gundi inalainika, ncha inapatikana, uzi unakunjuka kama wa kwenye kibiringo. Kifukofuko chenye mlango hakikunjuki hivyo: kila uzi unaofika mlangoni hugeuka na kurudi, na gundi ya hariri ya porini haikubali kuyeyuka kwa maji ya moto tu. Kinachobaki ni kukichambua na kukisokota kama pamba. Inawezekana, na Assam, India, wanafanya hivyo na nondo wa eri. Wakazi wa kandokando ya msitu wa Kakamega nchini Kenya nao wamefanya kazi na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, kuhusu hariri ya viwavi wa Anaphe, nondo wa Kiafrika. Ni kitambaa kizuri, lakini hakina ule mng'aro laini, na gharama ya mikono ni kubwa.

Tamaa hiyohiyo ilizaa balaa moja ambalo halijaisha. Étienne Léopold Trouvelot, Mfaransa aliyehamia Medford karibu na Boston, alifuga Saturniidae wa Marekani, polyphemus, na kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa na viwavi milioni moja chini ya nyavu. Mwishoni mwa miaka ya 1860 akaleta na nondo mwingine kutoka Ulaya kwa majaribio. Wakamtoroka. Wajukuu zao bado wanakula misitu ya Marekani hadi leo, na Trouvelot akahamia kwenye kuchunguza nyota kwa darubini.

Waliopata matumizi ya kudumu ya vifukofuko vya Rothschildia hawakutaka nguo. Wayaqui wa Sonora, kaskazini mwa Mexico, huchukua vile vya spishi cincta vilivyokwisha kuachwa na nondo, hutia changarawe ndani, na kuvishona kwenye kamba ndefu ya kuzungushia miguu. Huziita tenabari. Mpemba aliyewahi kufunga misewe miguuni hahitaji kuelezwa zaidi. Ukipiga hatua, mguu nao unapiga ngoma.

Na anayetaka kuyaona madirisha kwa macho yake hana haja ya nauli ya Brazil. Afrika tuna jenasi ya undugu wa karibu, Epiphora, yenye mabawa ya kahawia na vioo vinne vilevile, na baadhi ya spishi zake zinapatikana Kenya na Tanzania. Viwavi wao hupenda majani ya mikunazi. Majani yakishapukutika, tazama matawi matupu. Ukiona jani moja la kijivu limebaki, limefungwa kwa utepe, libonyeze taratibu. Likiwa gumu, usilikate: kaa nalo jirani, mvua za kwanza zikinyesha.